Nani Aliyeajiriwa, na Nani Mwenye Kazi Yake Mwenyewe?



Katika nchi ya Kenya wako mafundi wengi ambao wakiulizwa, "Unafanya kazi kwa nani?" hujibu upesi bila kufikiri. Mmoja husema, "Nimeandikwa." Mwingine husema, "Mimi ni mtu wa kandarasi." Jibu hilo halina uzito siku ambazo kazi inakwenda vizuri na fedha zinalipwa. Uzito wake huonekana siku ile jukwaa linapovunjika, ama siku ile msimamizi anapomwambia mtu, "Kesho usije." Hapo ndipo mtu ajuapo kama anayo haki mbele ya sheria, au hana ila mikono yake mitupu. Kwa hiyo yafaa jambo hili lifahamike mapema, kabla shida haijabisha mlango.

Mfano wa waashi wawili utatosha kulieleza.

Mwashi wa kwanza amepatana na mwalimu mmoja kijijini amjengee nyumba ya mawe ya vyumba vitatu. Wamekubaliana bei ya kazi nzima. Mwashi huyo ana mwiko wake, timazi yake na pimamaji yake. Ametafuta vijana wawili wa kumchanganyia saruji, na yeye ndiye awalipaye. Akienda matangani siku mbili hakuna wa kumkemea, maadamu nyumba itakwisha kwa siku waliyopatana. Akikosea kipimo na ukuta ukabomolewa, hasara ni yake. Akipiga hesabu vizuri na kazi ikaisha mapema, faida ni yake. Mwalimu hana haki ya kumwamuru ashike mwiko namna gani. Haki yake ni kupata nyumba iliyo imara.

Mwashi wa pili hufanya kazi mjini, katika jengo la ghorofa. Kila siku hana budi kufika langoni kabla ya saa moja na nusu asubuhi, jina lake liandikwe kitabuni. Nyapara humwonyesha ukuta wa kujenga, na akiona vema humwondoa hapo akampeleka kwingine. Mawe, saruji, toroli na kofia ngumu ni mali ya kampuni. Hulipwa kila Jumamosi kwa hesabu ya siku alizofanya. Hawezi kumtuma ndugu yake ashike mahali pake. Kampuni ikipata faida katika jengo hilo, yeye haongezwi. Ikipata hasara, hapunguziwi. Amekaa hapo miezi kumi na minne. Hata hivyo, siku ya kwanza alipewa karatasi atie sahihi, nayo ilisema kwamba yeye "si mtumishi wa kampuni, bali ni mkandarasi mdogo."

Watu wengi watasema kwamba karatasi hiyo imekwisha kukata maneno. Sivyo hata kidogo. Karatasi ni ushahidi mmojawapo, lakini mahakama hutazama jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Mtu hawezi kumgeuza mbuzi kuwa kondoo kwa kumbadilisha jina. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yasema wazi kwamba mapatano ya ajira yaweza kuwa ya maandishi au ya mdomo, ya kutamkwa au ya kufahamika kutokana na matendo. Basi matendo nayo yana sauti.

Ili kuyapima matendo hayo, yako maswali matano ambayo kila mtu aweza kujiuliza.

La kwanza: Ni nani mwenye amri? Je, mtu huambiwa tu kazi gani itakiwayo, ama huambiwa pia aifanye saa ngapi, mahali gani na kwa njia gani?

La pili: Vyombo vikubwa vya kazi ni vya nani?

La tatu: Hasara ikitokea humwangukia nani, na faida ikipatikana humwendea nani?

La nne: Je, mtu aweza kumweka mwingine afanye kazi ile badala yake, ama lazima afike mwenyewe?

La tano: Je, mtu huyo ni sehemu ya shughuli ya yule amlipaye, akitegemewa siku kwa siku, ama ana shughuli yake mwenyewe na wateja wake wengine?

Swali moja peke yake haliamui. Wako maseremala wengi walioajiriwa ambao huja na misumeno yao wenyewe, na wako wakandarasi wengi ambao huazima vyombo vya mwenye nyumba. Ni kama mizani: majibu yote hutiwa, kisha hutazamwa upande gani umelemea.

Kesi mbili za Uingereza zaonyesha jinsi mizani hiyo ifanyavyo kazi, na yafaa kuzitaja kwa sababu mahakama za Kenya zina desturi ya kuziangalia hukumu za huko zinapotafuta mwongozo katika mambo haya. Katika hukumu ya mwaka 1967, mahakama ilitazama habari ya dereva aliyechukua zege kwa kampuni ya Ready Mixed Concrete. Lori lake lilipakwa rangi za kampuni, na yeye alivaa sare ya kampuni. Mtu akimwona njiani angesema kwamba ni mtumishi wake. Lakini lori alilinunua mwenyewe kwa malipo ya kidogo kidogo, matengenezo na mafuta yalikuwa juu yake, na aliruhusiwa kuweka dereva mwingine badala yake. Hakimu alikata kwamba alikuwa mwenye kazi yake mwenyewe.

Mwaka 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitazama habari ya madereva wa teksi wa kampuni ya Uber. Hao nao walikuwa na magari yao, na karatasi zilisema kwamba kila mmoja anafanya biashara yake. Lakini kampuni ndiyo iliyopanga nauli, ndiyo iliyoweka masharti, na dereva aliyekataa abiria mara nyingi alifungiwa kazi kwa muda. Mahakama ilikataa kufungwa na maneno ya karatasi. Ilisema kwamba madereva wale walikuwa wafanyakazi wenye haki ya ujira wa chini uliowekwa na sheria na likizo ya malipo, ingawa sheria ya huko ina daraja la katikati ambalo halina haki zote za mtumishi kamili. Basi rangi ya gari haikumfanya yule wa kwanza kuwa mtumishi, na karatasi haikuwafanya hawa kuwa wafanyabiashara.

Sasa wako watu wasemao, "Lakini mimi ni kibarua tu, sina haki." Neno lenyewe latokana na barua: kibarua ni barua ndogo, yaani kikaratasi cha kuonyesha siku ambazo mtu amefanya kazi. Sheria ya mwaka 2007 yamtambua kibarua kuwa mtu alipwaye mwisho wa siku, na ambaye haandikwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Lakini haikubali mtu aitwe kibarua milele. Akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitazamiwi kwisha kabla ya miezi mitatu, basi mapatano yake huhesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi. Hapo hawezi kuondolewa kwa neno la "kesho usije". Yampasa kupewa taarifa ya siku 28, ama malipo badala yake.

Vivyo hivyo mtu alipwaye kwa kipimo cha kazi, kama mchuma majani ya chai kule Kericho alipwaye kwa kilo, hawi mwenye biashara kwa sababu hiyo tu. Kilo ni njia ya kuhesabu ujira wake. Sheria yautambua ujira wa namna hiyo kuwa ujira wa mtumishi.

Tofauti hii yaleta nini nyumbani kwa mtu? Aliyeajiriwa ana haki ya siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Akitimiza miezi kumi na miwili anapata likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi. Akitimiza miezi miwili ya utumishi kisha akaugua, hupata angalau siku saba za mshahara kamili na siku saba za nusu mshahara katika mwaka. Mwajiri hana budi kumchangia katika Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii kiasi kilicho sawa na kile amkatacho. Asidhaniwe kuwa na kosa akafukuzwa kabla ya kuelezwa kosa lake na kusikilizwa. Na akiumia kazini, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humlinda. Akipata kilema cha kumzuia kabisa kufanya kazi, fidia yake hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96.

Mwenye kazi yake mwenyewe hana hayo yote. Huitunza afya yake kwa fedha zake, huweka akiba ya uzee wake, na hutoa hesabu ya kodi yake mwenyewe kila mwaka kabla ya mwezi wa Juni kwisha. Hili si jambo la aibu; ndilo gharama ya kuwa bwana wa saa zake na bei yake. Lakini akumbuke kuitia gharama hiyo katika bei anayotaja. Fundi atajaye bei ya mkandarasi kwa hesabu ya kibarua hujipunja mwenyewe.

Tena mwashi yule wa kijijini na asisahau vijana wake wawili. Yeye huwaamuru, yeye huwalipa, wao hushika vyombo vyake. Basi mbele ya sheria yeye ni mwajiri wao, hata kama nguo zake zina saruji kama zao. Sheria yamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya watu wake. Kijana mmoja akianguka, lawama haitakwenda kwanza kwa mwalimu mwenye nyumba, itamwendea yeye. Wako mafundi wengi walaumuo makampuni kwa jambo ambalo wao wenyewe huwatendea vijana wao.

Ni nini basi la kufanya? Kwanza, mtu asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Na aombe nakala yake. Kazi itakayodumu miezi mitatu au zaidi, sheria yataka mapatano yake yawe ya maandishi, na ni juu ya mwajiri kuyaandikisha. Shauri likifika mahakamani na mwajiri akashindwa kuyaonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa huwa juu yake.

Pili, aweke daftari. Aandike siku alizofanya kazi, jina la nyapara, na fedha alizopokea. Na kama hulipwa kwa simu, asiyafute yale maandishi ya malipo. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Jasho nalo ni mali.

Tatu, asikawie. Akiumia, amwarifu mwajiri mara moja, kwa kuwa madai ya fidia huwa na muda wake wa miezi kumi na miwili. Akifukuzwa, aweza kupeleka lalamiko kwa Afisa wa Kazi katika muda wa miezi mitatu. Shauri la kwenda mbele ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi halina budi kufunguliwa katika miaka mitatu. Wengi hushindwa si kwa kukosa haki, bali kwa kuchelewa.

Basi mwashi yule wa mjini, jukwaa likivunjika katika mwezi wa kumi na nne, atainuliwa kwenye mchanga na kupelekwa hospitali. Mtu wa ofisini atakuja na ile karatasi ya siku ya kwanza na kusema, "Huyu si wetu." Lakini kitabu cha langoni kitakuwa na jina lake kila asubuhi, nyapara atajulikana, malipo ya Jumamosi yatahesabika, na daftari lake litakuwa chini ya mto nyumbani kwa mkewe. Hapo karatasi moja italazimika kujibizana na siku zote za miezi kumi na minne.

Kila mtu afanyaye kazi kwa mikono yake na ajiulize maswali yale matano leo jioni, angali mzima.