Kufumua ili Kufuma: Hariri ya Pate na Mkono wa Mswahili



Vitenzi viwili vya Kiswahili vinapishana kwa irabu moja tu: fuma na fumua. Tumezoea kuona cha kwanza kinajenga na cha pili kinabomoa. Jioni hii nadai kwamba kwa wafumaji wa Pate, mji wa kale wa Waswahili, kufumua kulikuwa nusu ya kufuma.

Hariri huanza na kiwavi anayelishwa majani ya mforsadi. Akishiba hujizungushia uzi mmoja usiokatika, wa mamia ya mita, hadi ukawa kifuko. Uchina kifuko hicho kilitumbukizwa katika maji ya moto hadi gundi yake ikalegea, kisha nyuzi za vifuko kadhaa zikavutwa pamoja. Kwetu pwani hapakuwa na ufugaji wa kiwavi huyo. Hariri ilifika ikiwa nguo tayari, jahazini, kwa upepo wa kaskazi.

Hata hivyo, wafumaji tulikuwa nao. Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Ni vizito vya kusokotea uzi wa pamba: chungu kimevunjika, kigae kimepata kazi. Naye msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba vitambaa vya mji huo vilipelekwa hadi Misri.

Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa alieleza jambo la Sofala ambalo wengi wetu tumelisoma haraka mno. Wafumaji wa huko walikuwa na pamba nyeupe, lakini rangi hawakuwa nayo. Basi walichukua nguo za buluu za Cambay, India, wakazifumua, wakafuma upya kwa kuchanganya uzi ule na wao mweupe. Nguo hizo ziliwaletea dhahabu.

Wanahistoria wanaona kwamba Pate ilifanya vivyo hivyo kwa hariri. Nimekuja na kipande cha hariri, upana wa kiganja. Tazameni ninavyochomoa uzi mmoja wa mshindio, ule unaopita kwa upana. Nikiuvuta kwa pupa, unakatika na mtande, yaani nyuzi za urefu, unakunjamana. Nikiuvuta polepole unatoka mzima, umejaa mawimbi. Aliyewahi kufumua nywele za mtoto anaijua kazi hii: vidole vyepesi, jicho kali, na subira kuliko vyote. Sasa pigeni hesabu ya joho zima.

Kwa nini mtu aichambue nguo ya thamani? Kwa sababu uzi mchache wa hariri ukitiwa ndani ya pamba hupendezesha nguo kubwa. Tukumbuke pia kwamba fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa pwani, humkataza mwanamume hariri tupu, lakini humruhusu mchanganyiko ambao hariri yake haikuzidi uzi mwingine.

Soko lilikubali. Padri Monclaro, Mjesuti wa msafara wa Francisco Barreto uliong'oa nanga Lisbon mwaka 1569, aliandika kwamba nguo za hariri za Pate zilikuwa za fahari, na hazikutengenezwa mji mwingine. Wareno walizinunua kwa chuma, shanga na vitambaa vya pamba, kisha wakaziuza kwa faida katika miji mingine ya Waswahili. Mtu ametoka Ulaya kwa merikebu na mizinga, na biashara inayomlipa ni kuchukua nguo ya Mswahili na kumpelekea Mswahili mwingine!

Wanafunzi wangu, mkikuta neno "hariri" katika orodha ya shehena za kale, msikimbilie kuandika kwamba pwani "ilipokea". Shehena ikishashushwa, bado kuna chumba chenye mwanga mzuri, kitanda cha mfumi, na mtu aliyeinama akitafuta ncha ya uzi. Anzeni utafiti wenu hapo.