Anayehudumia Naye Apumzike



Sisi tunaohudumia wagonjwa majumbani tumezoea kupokea simu hata saa saba usiku, na nauli tunaitoa mfukoni. Tunauita upendo. Lakini mhudumu aliyechoka huanza kumkaripia mgonjwa, kisha humkwepa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Tuzitumie, na wanaojitolea nao tuwapangie siku yao.

Tuweke zamu ya simu za usiku, na familia zijue mapema nani wa kumpigia. Kusema "leo yuko mwenzangu" si kumtupa mgonjwa. Ndiyo njia ya kumfikia kesho kwa bashasha.