Jicho Lisilouma



Tuanze na kosa letu wenyewe. Mzee mmoja wa kikundi cha upande wa Sagalla alituambia macho yake yanapungua. Uchungu hakuwa nao, na mbele aliona vizuri, ila mbuzi akipita ubavuni hamwoni. Tukamwambia, "Mzee, huo ni mtoto wa jicho, ngoja ukomae." Akangoja miaka miwili. Kumbe ilikuwa glakoma, ile wengi huita presha ya macho, na jicho moja lilikuwa limekwisha. Mtoto wa jicho hupasuliwa, mtu akaona tena. Kilicholiwa na glakoma hakirudi.

Presha hii si ile ya kufungwa mkononi. Ndani ya jicho mna maji yanayoingia na kutoka kila siku. Sisi twaijua paipu ya Mzima: ikizibwa mbele, maji husukuma nyuma. Katika glakoma iliyo ya kawaida kwetu, njia ya kutokea iko wazi lakini yapitisha maji polepole mno. Presha hupanda kimya, ikiua mshipa wa fahamu wa jicho, na kuona kwa pembeni hutangulia kufa. Huko Kongwa, Tanzania, walipimwa wanavijiji wa miaka 40 na zaidi. Kama 4 katika kila 100 walikuwa na glakoma, wengi wao ya aina hii.

Aina nyingine hufunga njia ghafla. Hiyo ina kelele: jicho jekundu, kichwa kupasuka, kutapika, taa kuzungukwa na rangi za upinde wa mvua. Msidhani ni malaria. Hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku.

Tena iko inayodanganya. Presha ya kawaida ni kati ya 10 na 21, lakini wako wanaopofuka ikiwa humo humo. Basi ukiambiwa presha ni sawa, omba utazamwe na ule mshipa nyuma ya jicho.

Sasa dawa. Matone hayaongezi kuona, yanalinda kilichobaki. Hapo wengi huacha: "Nimemaliza chupa nzima, sioni tofauti." Wengine huachishwa na bei. Kikundi kimoja cha akina mama hapa Voi hutenga kidogo kila mkutano kwa chupa ya mwenzao, na hilo limefaa kuliko semina zetu nyingi.

Glakoma hufuata ukoo. Yule mzee ana ndugu watatu. Mmoja amepimwa, wawili bado wasema macho yao hayaumi.