Nyumba Yako au ya Kupanga?
(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Katika vijiji vya Kasulu na Kibondo, karibu kila mkulima hukaa katika nyumba yake. Wapangaji wengi ni walimu, wauguzi na wachuuzi wa mjini. Je, mwenye nyumba amemshinda mpangaji? Si kila mara. Mtumishi wa kuhamishwa-hamishwa hufaidika kwa kupanga. Mkulima hawezi kuibeba migomba na mibuni yake mgongoni.

Lakini umiliki usio na ushahidi ni dhaifu. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamisha wananchi wengi, wakaacha nyumba zao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ilithibitisha ardhi waliyogawiwa watu kati ya 1970 na 1977, ikaweka hati ya hakimiliki ya kimila, inayoombwa kwa Halmashauri ya Kijiji. Mume na mke waandikishwe wote wawili, mjane asije akafukuzwa na ndugu wa marehemu.

Nanyi Makatibu, mwanachama akiomba mkopo wa mabati, mwulizeni kwanza kama mavuno yataulipa. Aliyeezeka kwa deni lisilolipika angali mpangaji, na mwenye nyumba wake ni deni.