Chaji Vizuri, Urudi Salama
Mazungumzo na wavuvi wa omena, Sena, Kisiwa cha Mfangano



Taa zikizimika usiku wa manane ziwani, hasara si omena tu. Boti nyingine haiwaoni. Ndiyo maana leo tunazungumzia kuchaji betri.

Anzeni na hesabu. Taa nne za wati 5, kwa saa 10, hutumia wati-saa 200. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 40, ina 480. Usivuke nusu, la sivyo itakufa mapema. Kesho yake, paneli ya wati 60 ikipata jua kali saa tano, hurudisha kilichotumika.

Nunueni kidhibiti chaji kinacholingana na betri. Ya asidi na ya lithiamu hazichajiwi sawa. Unganisheni betri kwanza, paneli baadaye. Wekeni fyuzi karibu na ncha chanya ya betri. Fungeni betri imara, mbali na maji na petroli, kwani ya asidi ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Fyuzi ikiungua, utanunua nyingine. Mtu hana spea.