Maneno juu ya Kuandikisha Nyumba za Wazee

Katika jubilei hii wengine wamekwisha kuwasimulia habari za mapadre wa kwanza, na za makatekista waliopita vilima vya Buha kwa miguu. Sisi tumepewa neno lisilo tamu masikioni, neno la hati na mihuri. Twaomba mtuvumilie.

Mwajua ya kuwa katika vijiji vyetu, tangu Mtabila hata Kibondo, wazee wengi wamebaki na mji mtupu. Watoto wao wamekwenda kutafuta riziki Kigoma mjini, Tabora na Dar es Salaam. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilionyesha ya kuwa watu waliotimiza miaka 60 katika nchi yetu walizidi 2,500,000. Basi Wakristo wengine, kwa moyo mwema, wamempa mzee mmoja chumba, kisha wa pili, kisha wa tano, nao husema, "Tumefungua nyumba ya wazee." Twawasifu. Lakini ukiuliza, "Nyumba hii ni ya nani?" huyu atajibu ni ya parokia, yule atasema ni ya chama chetu, na wa tatu atakuambia ni ya marehemu fulani aliyetoa kiwanja. Hapo ndipo penye hatari, maana watoto wa marehemu nao wana jibu lao, nao watakuja siku moja kulisema, na wazee watatolewa nje pamoja na mikeka yao.

Wako wasemao, "Kazi ya huruma haina haja ya cheti. Msamaria aliomba kibali kwa nani?" Neno hili lapendeza, ila halikusomwa mpaka mwisho. Msamaria alimkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akaacha fedha, akaahidi kulipa litakalozidi atakaporudi. Hiyo ni hesabu. Tena mtume Paulo, alipomwandikia Timoteo juu ya wajane, aliagiza waandikwe, na asiandikwe aliye chini ya miaka 60. Angalieni: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamhesabu mzee kwa miaka hiyo hiyo. Paulo asema pia ya kuwa mjane mwenye watoto au wajukuu atunzwe kwanza na hao, kanisa lisilemewe. Na sera nayo yasema jamaa ndio walezi wa kwanza, na kumweka mzee katika makao ni njia ya mwisho kabisa. Kwa hiyo kabla hamjampokea mzee, ulizeni ukoo wake. Tumeona wana wenye ng'ombe na mashamba ya kahawa wakileta baba yao mlangoni kwa padre kama mzigo. Huo si umaskini, na nyumba ya wazee isiwe maficho ya watu wa namna hiyo.

Sasa, jambo la kwanza ni kujua mwenye kazi ni nani. Iko njia ya jimbo: kazi ikiwa ya jimbo, mali yote hushikwa na wadhamini wake walioandikishwa, ambao leo huandikishwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Faida yake ni hii, mdhamini mmoja akifa bodi haifi, na kiwanja hakirithiwi na mtu. Iko njia ya shirika lisilo la kiserikali, kwa Sheria namba 24 ya mwaka 2002. Nayo sheria hiyo haiwahesabu watu wa dini waliokusanyika kwa ajili ya dini tu, hao huandikishwa kama jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani. Iko na njia ya kikundi kidogo cha kijiji, kinachoandikishwa katika halmashauri ya wilaya. Kwa maoni yetu, parokia isiyo na mtu wa kuandika vitabu vya hesabu iache njia ya shirika, iingie chini ya wadhamini wa jimbo. Shirika hutakiwa kila mwaka kutoa taarifa ya kazi na hesabu iliyokaguliwa, na tangu marekebisho ya mwaka 2019 cheti chake hudumu miaka 10, kisha huombwa upya. Watu wengi hushangilia siku ya cheti, wakaisahau siku ya taarifa.

Mkichagua shirika, leteni katiba, na muhtasari wa mkutano wa waanzilishi wenye majina na sahihi zao, na habari za viongozi, na mahali ofisi ilipo. Afisa maendeleo ya jamii wa wilaya atawaongoza. Naye afisa ustawi wa jamii apewe habari tangu mwanzo, asije akasikia sokoni.

Juu ya kiwanja: neno la mdomo halitoshi, hata likisemwa na mzee wa heshima mbele ya altare. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, shauri lipite katika halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, liandikwe.

Nyumba yenyewe nayo ina masharti. Huku kwetu juu baridi ya Juni ni kali, na mzee hupenda jiko la mkaa kando ya kitanda, na mlango ufungwe. Jambo hili huua kimya kimya, hata pasipo moto kuonekana. Na moto nao upo: Septemba 2020 watoto 10 walikufa bwenini huko Kyerwa, mkoani Kagera. Mtoto ana miguu ya kukimbia. Mzee asiyeona atakimbilia wapi? Basi mtu wa zimamoto akitaka mlango wa pili, msimwone msumbufu. Kabati la dawa halina neno, lakini siku mtakapoanza kutibu watu, hiyo ni zahanati, nayo huandikishwa peke yake. Mpishi na mtunza wazee wapewe mkataba wa maandishi, na michango yao ya NSSF ipelekwe. Kuwaambia kwamba watalipwa mbinguni ni kuwaibia duniani.

Kisha daftari la wazee. Kila mzee aandikwe jina, umri, kijiji, jamaa zake, maradhi yake, na kila kitu alichokuja nacho, hata blanketi na fimbo. Ndugu ambao hawakuja kumwona hata mara moja huja siku ya maziko kuuliza mali.

Jambo moja ni la kwetu hasa. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, na Warundi wengi waliokaa humo wakarudi kwao. Je, akija mzee asiye na hati ya nchi yo yote? Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 yawataka wakimbizi wakae mahali palipotengwa. Mpeni chakula na mahali pa kulala, na asubuhi iliyofuata mwende kwa afisa ustawi wa jamii mkaseme, maana akifichwa huwa hana msemaji, na siku atakapopatikana nyumba yote itatiliwa shaka, na wazee wengine 8 watakosa pa kulala.

Walimu, kazi hii yawahitaji ninyi kwa mwandiko wenu. Kila parokia itoe wawili, waje na daftari tupu na kalamu. Baada ya Misa tutakaa nao sakristia, tuwaonyeshe namna ya kuandika muhtasari wa mkutano wa kwanza.