Mfanyabiashara Katika Seneti Anamsemea Nani?

(Hotuba iliyotolewa kwa waumini na wanaharakati wa mtaa wa Jericho, Nairobi)



Seneti ya kwanza ya Kenya, iliyoanza mwaka 1963, ilikuwa na wajumbe 41. Aliyeiwakilisha Nairobi hakuwa mwenye kiwanda. Alikuwa Clement Lubembe, mtu wa vyama vya wafanyakazi, ambaye mwaka 1965 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa COTU. Mitaa ya wafanyakazi kama huu wetu ilikuwa na msemaji aliyejua mshahara ni nini.

Seneti hiyo haikuuawa kwa upanga. Mwaka 1966 mabaraza mawili ya Bunge yaliunganishwa, majimbo yakaongezwa kutoka 117 hadi 158 ili kila seneta apate kiti, na uchaguzi uliotazamiwa mwaka 1968 ukasogezwa hadi 1970. Walioombwa kuifuta Seneti ndio hao hao waliofaidika kwa kufutwa kwake! Ugonjwa huo una jina: maslahi ya mpiga kura ndani ya kura yake mwenyewe.

Katiba ya mwaka 2010 iliirudisha Seneti, nayo ikaketi tena mwaka 2013. Wafanyabiashara wamo. Mwaka 2022 Nakuru ilimchagua Tabitha Karanja, mwanzilishi wa Keroche, kampuni ya vileo iliyozaliwa Naivasha mwaka 1997. Kabla ya kuwa seneta alikuwa amekwisha kubishana na serikali kwa miaka mingi juu ya kodi. Simtuhumu mama huyu kwa lolote. Mtu aliyelipa mishahara, akanunua mitambo na kukabiliana na kampuni kubwa iliyotawala soko la bia, analeta katika mjadala elimu ambayo mawakili wengi hawana. Tungekuwa wajinga kumnyamazisha.

Lakini tujue mipaka. Wengi hudhani seneta mwenye kiwanda cha bia huenda kujipunguzia ushuru. Hawezi kwa njia hiyo, kwa maana Kifungu cha 109 cha Katiba kinasema miswada ya fedha huanzia Bunge la Taifa peke yake. Mlango ulio wazi ni mwingine. Utoaji wa leseni za vileo ni kazi ya kaunti, na mambo ya kaunti ndiyo Seneti yenyewe. Tena Kifungu cha 123 kinasema kwamba katika miswada inayohusu kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja tu, na kwa kawaida anayeipiga ni seneta aliyechaguliwa. Basi akisema ndiyo, kaunti nzima imesema ndiyo pamoja naye: mlevi, mkewe anayemsubiri usiku, na mwenye baa.

Ndiyo sababu Kifungu cha 122 kinamkataza mbunge kupiga kura katika jambo lenye faida ya fedha kwake, na kanuni za Seneti zinamtaka atangaze maslahi yake kabla ya kusema. Mwaka 2025 ikaongezwa Sheria ya Mgongano wa Maslahi. Sheria tunazo, kinachokosekana ni macho ya kuzifuatilia. (Na tusiwatazame wenye viwanda tu. Seneta mwenye mashamba, au mwenye matatu, yumo pia katika kanuni hiyo.)

Sisi wa Jericho tunakaa katika nyumba za kaunti, na vibanda vyetu hulipiwa leseni ya kaunti. Fedha zinazofika City Hall kutoka hazina ya taifa hugawanywa kwa kanuni inayopitishwa na Seneti. Mwaka 2020 maseneta walivutana juu ya kanuni hiyo kwa wiki nyingi, kaunti zikingoja fedha.

Hansadi ya Seneti huchapishwa, na kuisoma si dhambi wala siasa chafu. Naomba kila jumuiya ichague wasomaji wawili. Katika mkutano ujao walete mjadala mmoja unaohusu leseni au fedha za kaunti, watuambie nani alisema, alitangaza maslahi gani, na kura ya Nairobi ilikwenda upande upi. Tutakapoyajua hayo matatu, tutamwandikia seneta wetu barua, na majina yetu yatakuwa chini yake.